Aliandikwa Mtu wa Kukaa

Neno lenyewe lilikuwa dogo. Binamu yake Onosai alilisema siku ya Jumatano katikati ya mazoezi ya kwaya, macho yake yakiwa kwenye kitabu cha nyimbo, na mpaka Jumamosi mchana Meripa alikuwa bado hajaweza kulitoa kichwani.

"Wanasema Uelese anakukondesha makusudi."

"Wanasema kina nani?"

"Watu."

"Watu wana majina, Onosai."

"Mimi sitaji mtu kanisani. Ila jiulize mwenyewe. Ukishuka kilo utashindana daraja gani la uzito? La chini. Na hilo daraja lako unamwachia nani? Fetuao. Na huyo Fetuao alikuwa nani wa Uelese kabla yako?" Onosai akafunua ukurasa. "Haya, imba. Mwalimu anatutazama."

Meripa aliimba, lakini sauti ilitoka peke yake, moyo ukabaki palepale kwenye lile neno. Kwa maana kama ni kukonda, kweli alikuwa amekonda. Alipoanza kunyanyua vyuma, wiki kumi zilizopita, mizani ilisoma kilo sabini na moja. Sasa ilisoma sitini na tano. Chuma alichokitoa chini hadi juu ya kichwa wiki ya nne, siku hizi kilimgomea mabegani. Asubuhi akiinuka kwenye mkeka dunia ilizunguka kidogo kabla ya kutulia. Na karatasi ya chakula, iliyosema ale kiasi gani kwa siku, ilikuwa ya Uelese. Yeye ndiye aliyeipigia hesabu, yeye ndiye aliyeileta, na Meripa aliifuata kama msichana anavyofuata neno la mwanamume anayempenda.

Kesho yake, Jumapili, baada ya ibada, wajomba wa Uelese wangekuja kumposa. Nguruwe alikwisha chaguliwa. Kilichobaki ni Meripa kusema ndiyo.

Alikuwa dukani kwao, nyuma ya dirisha la waya, mama yake Aliitasi akikuna nazi uani nyuma yake, pale Uelese alipotokea barabarani. Alikuja kwa mwendo wake ule wa pole, mabega mapana yameijaza fulana, daftari kwapani. Alikuwa msaidizi wa kocha katika banda la vyuma mjini Apia, amerudi mwaka jana kutoka Auckland alikokwenda kusomea kazi hiyo. Alipofika kwenye waya aliinamisha kichwa kidogo, akamtazama kwa yale macho yanayoanza kucheka kabla ya mdomo. Kwa wiki kumi macho hayo yalikuwa yakimmaliza Meripa. Leo aliyatazama kama mtu anayetazama noti anayoishuku kuwa ya bandia.

"Umenuna," alisema Uelese.

"Sijanuna. Nauza."

"Basi niuzie maji."

Akampa maji. Vidole vyao vikagusana kwenye tundu la waya, naye akavirudisha vyake haraka.

"Meripa. Nini?"

"Fetuao hajambo?"

Uelese akakunja uso. "Fetuao? Yuko kwao, nadhani. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Kilo zake ngapi siku hizi?"

"Sabini na kitu. Kwa nini, lakini?"

"Zangu sitini na tano. Nimempisha vizuri, eh?"

Kabla hajajibu, bibi Fuatino, jirani wa nyumba ya tatu, aliingia kati yao na mwavuli wake na kikapu chake, kama kawaida yake, asiyejua foleni ni kitu gani.

"Nipe mikia ya bata mzinga, mwanangu. Ile yenye mafuta, siyo hiyo mikavu." Kisha akamtazama Meripa vizuri kupitia waya. "Looh! Na wewe je? Umekuwa kama ufito wa kuangulia mashelisheli. Aliitasi! Mtoto huyu humpi chakula?"

"Chakula kipo, hataki!" mama akajibu kutoka uani. "Anakula kwa karatasi siku hizi!"

"Kwa karatasi?" Bibi akamgeukia Uelese, akampima toka kichwani hadi kwenye ndala. "Na wewe, kijana, unakula karatasi? Mbona hupungui?"

Uelese akacheka peke yake. Meripa hakucheka. Bibi akapokea mikia yake, akaondoka akizungumza na mwavuli.

"Nionyeshe daftari," alisema Meripa.

"La nini?"

"Ukurasa wangu. Mimi umenipa karatasi yenye jibu tu. Nataka kuona hesabu."

"Ni hesabu za kawaida, mpenzi. Zitakuchosha."

"Nichoshe."

Hapo ndipo Uelese alipofanya kosa la kusita. Alisita kidogo tu, pengine kwa muda wa kumeza mate, lakini kwa msichana ambaye hajalala vizuri tangu Jumatano huko kusita kulikuwa kama mlango uliofungwa usoni. Akafungua komeo, akatoka nje ya duka, akasimama mbele yake na kiganja wazi. Uelese akampa.

Ukurasa ulikuwa na jina lake juu, kisha kilo, kisha urefu, kisha umri, miaka ishirini na tatu. Chini yake palikuwa na orodha ya viwango vitano vya shughuli, kuanzia mtu anayekaa mchana kutwa mpaka mtu wa kazi nzito kila siku, na kila kiwango kina namba ya kuzidishia kalori ambazo mwili hutumia hata ukiwa umelala. Kadiri mtu anavyojishughulisha ndivyo namba inavyokuwa kubwa, na ndivyo anavyotakiwa kula zaidi. Alama ya wino ilikuwa kwenye kiwango cha kwanza kabisa. Mtu wa kukaa. Jibu: kalori elfu moja mia saba na themanini kwa siku.

Alisoma mara mbili. Kisha akasoma kwa sauti.

"Mtu wa kukaa. Mimi?"

"Ngoja nikueleze."

"Mimi, Uelese? Mtu wa kukaa?"

Lori la bidhaa ndilo lililojibu kwanza. Lilipinda kutoka barabara kuu na kusimama mbele ya duka, dereva akapiga honi, akapaza sauti, "Meripa! Magunia kumi ya unga, manne ya sukari, na makasha ya kuku!" Hakuuliza nani atashusha. Kila Jumamosi na kila Jumanne alishusha Meripa, kwa kuwa kaka yake mgongo ulikuwa mbovu tangu alipoanguka kwenye mnazi. Meripa akamrudishia Uelese daftari, akafunga shuka lake vizuri kiunoni, akapanda. Gunia la kwanza likaingia begani. La pili. Uelese akakimbilia la tatu.

"Acha!" alimkaripia. "Kaa. Tazama mtu wa kukaa anavyokaa."

Akasimama. Akamtazama akipanda na kushuka, jasho likimtiririka shingoni, midomo ikiwa myeupe. Kwenye gunia la tisa goti lilimcheza. Alishika ukingo wa lori, akafumba macho. Uelese akawa tayari ameshamshika kiwiko, na mama ameshafika mbio, mikono imejaa machicha ya nazi.

"Kaa chini! Kaa chini mwanangu! Nilijua mimi, nilijua!" Aliitasi alimkalisha kwenye kreti la soda, kisha akamgeukia Uelese, sauti imeshuka lakini makali yapo. "Mwezi wa ngapi sasa? Miezi mingapi?"

"Miezi ya nini, mama?"

"Usinifanye mtoto! Kizunguzungu asubuhi, chakula hataki, rangi imemtoka. Nimezaa sita mimi. Unadhani kwa nini nilikubali wajomba zako waje upesi hivi?"

Dereva wa lori aliona ni vizuri akague matairi ya upande wa pili.

Meripa akainua uso. "Mama. Unadhani nina mimba?"

"Sidhani, najua. Nimekuwa nikihesabu siku zako."

"Sina mimba, mama. Nina njaa."

Neno hilo likawakalia wote watatu. Aliitasi akajifuta mikono kwenye gauni, polepole, kama mtu anayetafuta la kufanya.

"Njaa? Katika nyumba yangu?"

"Muulize huyu. Ameniandika mtu wa kukaa. Mtu wa kukaa dukani, asiyenyanyua hata kijiko. Hesabu yote imepigwa juu ya hilo. Nifue nguo za watu tisa, nishushe magunia, nicheze voliboli jioni, nibebe chuma siku tatu kwa wiki, kisha nile kama mtu aliyekaa."

Uelese alimtazama mama, si Meripa. Masikio yake yalikuwa yamewaka kwa aibu. "Mama, mimi nisamehe. Lakini siku ile nilipokuja hapa mara ya kwanza, niliuliza mbele yako. Nilikaa kwenye mkeka wenu, nikasoma maswali moja moja."

Meripa alikumbuka. Alikumbuka vizuri mno. Kaka yake alikuwa ameketi palepale, na msichana wa heshima hazungumzi habari za mwili wake mbele ya kaka yake, wala mgeni hautaji mwili huo. Kaka mwenyewe alikuwa akitazama paa kwa aibu. Uelese alipotamka neno uzito, Meripa aliinuka akaenda jikoni kuchemsha kakao ambayo hakuna aliyeiomba. Maswali yaliyobaki yalijibiwa na mama.

"Mama," alisema taratibu, "ulimwambia nini?"

Aliitasi akaanza kuokota unga uliomwagika kwenye gunia, kidogo kidogo.

"Mama."

"Ulitaka niseme nini? Mgeni amekuja, kijana wa watu, amekaa kwenye mkeka wangu, ananiuliza binti yangu anafanya nini mchana kutwa. Nimsifu? Niseme, oh, mwanangu ni hodari, anashinda wanaume? Watu wangenicheka. Nilisema kama kila mama anavyosema. Nilisema, huyu? Mvivu huyu, kazi yake kukaa tu dukani na kula mikate."

"Na wewe ukaandika," Meripa alimwambia Uelese.

"Ningembishia mama yako kwenye mkeka wake?"

Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano kitu kilitaka kulegea kifuani mwa Meripa. Kumbe ni hilo tu. Adabu ya mama na adabu ya kijana zimekutana, na katikati yake yeye akakosa chakula. Karibu acheke. Uelese alikuwa amechuchumaa mbele ya kreti, uso wake uko chini ya wa Meripa, na alikuwa amemfungulia chupa ya maji. Wamekosea, alijiambia Meripa, watu hukosea, na kesho atavaa gauni lile jeupe.

Akanywa. Akachukua daftari tena, bila nia, apate mahali pa kuweka macho. Akafunua ukurasa wa pili. Hapa palikuwa na kilo zake za kila wiki, zimeshuka moja chini ya nyingine kama ngazi. Pembeni ya wiki ya tatu palikuwa na maandishi ya penseli.

Ilikuwa hesabu nyingine. Jina lake, kilo zake, lakini safari hii kiwango cha nne, mtu wa shughuli nyingi. Jibu: elfu mbili mia tano na sitini. Limezungushiwa duara. Kisha likakatwa kwa mstari mmoja.

"Hii ni ya lini?"

Uelese akaokota kifuniko cha chupa.

"Uelese, hii ya penseli ni ya lini?"

"Wiki ya tatu."

"Wiki ya tatu," alirudia. "Leo ni wiki ya kumi."

"Nilipita hapa na basi, siku ya Jumanne. Nikakuona juu ya lori. Nilishtuka. Nilirudi nyumbani nikaifanya upya usiku uleule."

"Ukajua nilitakiwa kula karibu kalori mia nane zaidi kila siku."

"Ndiyo."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo."

Aliitasi aliinua kichwa. "Kijana, unasema nini?"

"Kwa hiyo Onosai alisema kweli," alisema Meripa. Sauti yake ilikuwa tulivu mno, hata yeye mwenyewe aliiogopa. "Ni Fetuao."

"Hapana! Haki ya Mungu hapana, Fetuao hanihusu!" Uelese aliinuka, akakaa tena, mikono haijui pa kwenda. "Nisikilize. Kocha mkuu alituita sisi wasaidizi wiki hiyohiyo. Alisema atakayeongoza daraja lako kufikia mwezi wa kumi atapelekwa kambini Noumea, nje ya nchi. Miezi minane. Akakutaja wewe. Alisema, huyu binti wa duka ana mgongo ambao sijauona miaka mingi. Wote wakafurahi. Mimi nikarudi nyumbani na daftari, nikaiona hesabu, nikasema... nikasema nikimpa chakula chake sawasawa, ataondoka."

"Endelea."

"Miezi minane, Meripa. Utaona watu wengine, utaona nchi nyingine. Nani atarudi kwa msaidizi wa kocha? Nikasema tuoane kwanza. Tukishaoana nitairekebisha, nitasema nimeikosea. Fetuao aende Noumea, aende hata mbele ya Noumea, mimi ananiuma nini? Wewe ndiye nisiyeweza kukukosa."

Alilia aliposema hayo. Alikuwa mwanamume mkubwa, na machozi yake yalikuja bila sauti, yakadondokea kwenye ndala. Na Meripa, Mungu amsaidie, alitaka kunyoosha mkono amfute. Uvumi ulikuwa umekosea jina na umekosea sababu. Lakini tendo lenyewe ulikuwa umelipata.

"Mwanangu," Aliitasi alianza, ile sauti ya mama anayeona nguruwe wa posa akirudishwa barabarani. "Si ubaya. Ni mapenzi hayo, yamempotosha kidogo."

"Mapenzi yameninyima chakula wiki saba, mama."

"Amekwambia mwenyewe."

"Nimemkuta, mama. Hakuniambia. Kukutwa ni kukutwa."

Mama akakung'uta unga mikononi. Akamtazama binti yake, mifupa ya shingo iliyochomoza juu ya fulana, na pengine wakati huo alijiona mwenyewe kwenye ule mkeka, akijishusha kwa adabu, akimshusha na mtoto pamoja naye. Akainuka, akaenda jikoni.

"Waambie wajomba zako," Meripa alisema, "kesho wale kwao."

Uelese akavuta pumzi kama aliyepigwa. "Unanikataa?"

"Nakwambia usije na wazee."

"Na vyuma?"

"Jumatatu nitakuja. Wewe utapakia sahani za chuma na kuandika nilichonyanyua. Kiwango cha shughuli nitachagua mwenyewe, mbele ya kocha mkuu, na nitataja kila gunia."

"Na sisi? Meripa, na sisi je?"

Meripa akamtazama. Alitazama lile jicho la kushoto lenye kovu dogo, na ile midomo aliyoizoea, na akatafuta ndani yake ndiyo au hapana. Hakuna hata kimoja kilichokuja. Kilichokuja ni harufu ya magimbi na majani yaliyopikwa kwa tui kutoka jikoni, na tumbo lake likajibu kwa sauti ambayo wote wawili waliisikia.

"Sijui," alisema. "Nikishiba nitakujibu."

Uelese alichukua daftari lake. Alishusha magunia matano yaliyobaki na makasha ya kuku, moja moja, akayapanga ndani ya duka bila kuambiwa na bila kushukuriwa, kisha akashika barabara kwa miguu. Meripa hakumwangalia mpaka mwisho. Mama alikuwa amesimama mbele yake na sahani iliyojaa hadi ukingoni, na safari hii hakusema mtoto wake ni mvivu. Alisema, "Kula, mwanangu. Kazi unayofanya humu ndani naijua." Meripa akala. Alikula akilia, na hakuacha mpaka sahani ikawa nyeupe.

Ewe msichana unayeanza vyuma, na wewe mama yake, ya kuepuka ni haya:

Kumwachia mtu akuchagulie kiwango cha shughuli zako, hata kama anakupenda. Hasa kama anakupenda.

Kuhesabu saa za mazoezi peke yake na kusahau magunia, kufua, kubeba na kusimama.

Kujiandika wa kazi nzito kwa sababu ya siku tatu za vyuma, na siku zote nyingine kweli umekaa. Huko nako ni kujidanganya.

Kuacha hesabu ileile wakati mizani inashuka kila wiki na nguvu inashuka nayo.

Kupokea jibu bila kuona lilivyopatikana.

Kumjibia binti yako maswali ya mwili wake.

Kudhani kila kizunguzungu ni mimba.

Kukubali posa ukiwa na njaa.

Kusema yataisha akishaolewa.